Piano ya Baba Ilikuwa Chini Kidogo

Nianze na tusi nililomtukana baba yangu, maana nisipolisema mapema nitalizunguka hadi mwisho, kama nilivyolizunguka kwa miaka thelathini. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumesimama nje ya ukumbi mmoja hapa Kampala, watu wanapita na viatu vyao vizuri, naye amevaa ile suti yake ya kahawia ya harusi na mazishi. Nikamwambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Umenifundisha uongo miaka yote hii. Wewe ni seremala. Kaa na mbao zako." Akajibu, "Pole, mama." Kisha akanipokea mkoba wa vitabu vya muziki, akaubeba hadi nyumbani.

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu magharibi mwa Kenya. Kwa hiyo nilimtukana mtu ambaye kila siku ya maisha yangu aliniita mama. Sina haja ya kuongeza chumvi hapo.

Baba alikuja Kampala akiwa kijana, akapata kazi kwenye karakana ya fanicha, akapanga vyumba viwili Namuwongo, kule chini karibu na reli. Alikuwa fundi wa vitanda na makabati hadi siku alipoitwa kwenye shule moja ya kilimani kutengeneza mguu wa piano uliovunjika. Alipomaliza mguu akafungua kifuniko aone ndani kuna nini. Mama yangu husema kwamba mume wake aliingia humo na hakutoka tena. Shuleni hapo kulikuwa na fundi mmoja mzungu, mzee, aliyekuwa akituni piano za shule na makanisa, yaani akizivuta nyaya zake hadi sauti zipatane, na alikuwa anajiandaa kurudi kwao. Kwa miezi michache akamfundisha baba kazi, halafu akamwachia spana yake na kichuma chenye meno mawili kama uma. Ukikigonga gotini, kichuma hicho kinaimba noti moja tu, ile wanayoiita A, ambayo ni kibao cheupe katikati ya piano. Mafundi huanzia hapo, kisha wanazipanga noti nyingine zote kwa kuifuata hiyo.

Piano yetu tuliipata kwa kuwa ilikuwa imekufa. Ndani ya piano kuna fremu ya chuma inayobeba nyaya zaidi ya mia mbili zilizovutwa kwa nguvu ya kutisha, na fremu ya hiyo ilikuwa na ufa. Mwalimu mkuu alisema wakaipasue kuni. Baba aliomba apewe yeye. Ikashuka Namuwongo juu ya mkokoteni, wanaume wanne wakiishikilia na watoto wa mtaa mzima wakishangilia nyuma kama tumeleta bibi harusi. Akaipandisha juu ya matofali kwa sababu wakati wa mvua maji ya mtaro yalikuwa yanatuingilia ndani bila kubisha hodi.

Sasa, fremu yenye ufa haivumilii nyaya zikivutwa hadi pale zinapotakiwa kufika. Inapasuka. Baba akafanya lililowezekana: akazilegeza zote kwa kipimo kimoja, nusu toni, yaani hatua moja tu, kutoka kibao kimoja hadi cha jirani yake. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka alivyokuwa akifanya. Anagonga uma gotini, anaubana kwenye ubao, halafu badala ya kulinganisha na kile kibao cheupe cha A, analinganisha na cheusi kinachofuata kulia. Mimi nilidhani kila uma duniani huimba kibao cheusi. Noti zenyewe kwa zenyewe zilikuwa zimepatana vizuri sana, kwani baba alikuwa na mkono. Ni piano nzima tu iliyokuwa imekaa chini kidogo.

Hakuniambia, na siku hizi najua kwamba hakunificha. Aliona si jambo la kusema. Kanisani kwetu watu walikuzwa kwa solfa, ile ya do-re-mi, na kwenye solfa do ni popote utakapoiweka. Mwalimu wa kwaya akiona sauti za kwanza zinakaukiwa, anaishusha do, wimbo unaendelea uleule na Mungu anausikia vilevile. Kwa baba yangu, na kwa kila mwimbaji aliyepita nyumbani kwetu, piano iliyo nusu toni chini ilikuwa kama meza iliyokatwa miguu yote minne kwa urefu sawa. Chakula kinakaa.

Tatizo lilikuwa masikio yangu. Kuna watu wachache wanaozaliwa na sikio linaloshika jina la kila sauti kama vile mtu anavyoshika rangi, na mimi, kwa bahati ambayo hadi leo siijui kama ni njema, ni mmoja wao. Nikiwa na miaka sita nilikuwa nawaambia watu honi ya treni inapiga noti gani, kifuniko cha sufuria kinapiga gani, mama yangu akinigombeza anaanzia gani. Majirani walileta vitu, wakavigonga ili nitaje. Nilitaja bila kusita, na kila nilichokitaja nilikitaja kimakosa, kwa hatua moja ileile, kwa sababu majina yote niliyafunzwa na piano yenye ufa. Hapakuwa na mtu wa kunisahihisha. Shuleni kwetu hapakuwa na piano, na kanisani tulikuwa na ngoma.

Mwalimu wangu alikuwa mwongozaji wa kwaya, mama wa Kiganda aliyejifunza piano kwa masista utotoni, na ambaye piano yake mwenyewe ililiwa na mchwa hadi ikabaki rangi. Alikuja kwetu mara tatu kwa wiki na gauni lake la gomesi lililopigwa pasi, anaruka madimbwi kana kwamba hayamhusu. Luganda nilikisikia vizuri, lakini kazini alipenda kuninyoosha kwa Kiswahili, pengine kwa sababu alikijua cha kuamrisha tu, huku r na l zake zikibadilishana viti.

"Ludia, nnyabo. Kidole ya ine inarara."

"Si nimepiga sawa, mwalimu?"

"Umepiga haraka. Unakimbiria wapi? Noti haina miguu, itakungoja. Ludia."

Nilirudia. Nilirudia miaka kumi. Kwa muda wa saa nne kila siku baada ya shule, mizani, yaani kupanda na kushuka ngazi ya noti, kwa mkono wa kushoto peke yake, mizani kwa mkono wa kulia peke yake, kisha fuga, ambamo mikono hufukuzana, kisha sonata ndefu, huku upande wa pili wa ukuta jirani anakaanga mihogo na redio yake imefunguliwa hadi mwisho. Nilikuwa mtoto mwenye hasira, niliipiga ile piano ngumi zaidi ya mara moja. Baba akitoka karakana alikaa ukingoni mwa kitanda, vumbi la mbao kichwani, hajavua hata viatu. Mara nyingine alisema, "Rudia hapo." Nilimuuliza nimekosea wapi. Akasema hakuna kosa, amependa tu.

Nilipofika kumi na sita, mwalimu alisikia kwamba chuo kimoja cha nje kinaleta watu watatu kuwasikiliza vijana, na atakayewafurahisha atafadhiliwa masomo yote. Tuliandaa sonata moja mwaka mzima. Sina haja ya kuitaja. Inatosha kusema kwamba inaanza na mkono wa kushoto peke yake, chini kabisa, na kwamba niliijua kuliko nilivyojua sala.

Ukumbini kulikuwa na piano ndefu nyeusi ya kulala, ya kwanza kuiona kwa macho. Nilikaa. Nikashusha mkono wa kushoto, kidole kikabonyeza kibao kilichotakiwa, na ikatoka noti nyingine. Ni kama umemwita mtoto wako akaitika wa jirani. Nikaendelea, ikatoka nyingine, na nyingine, sonata yote imehama nyumba na mimi sikuambiwa. Macho yaliona vidole viko mahali pake na masikio yakasema haviko. Baada ya mistari miwili mikono ikaamua kuyaamini masikio, ikasogea hatua moja kushoto, na hapo ndipo kila kitu kilipovurugika, maana vidole vilijifunza njia moja na sasa viko kwenye nyingine. Nikasimama. Mmoja wao, mwanamke, akaniambia kwa upole nianze tena. Nikaanza tena, ikawa vilevile. Mara ya tatu sikuanza. Akaniuliza nyumbani napigia piano gani, nikatoka nikilia.

Nje, baba na mwalimu walikuwa wamesimama pamoja. Nikasema piano yao iko juu, imeharibika. Baba akanijibu kwa utulivu wake uleule, kama anayenieleza kitasa kinavyofungwa: "Hapana, mama. Hiyo ndiyo kawaida. Yetu ndiyo iko chini kidogo."

Ndipo nikasema niliyoyasema.

Mwalimu alitutazama kwa zamu, haelewi kabisa. "Banange, si kidogo tu? Wimbo si ni ireire?" Alikuwa anasema kweli, na angalau yeye sikumtukana. Alifariki nikiwa nje ya nchi, bado haelewi.

Sikuigusa piano ya baba tena. Mwezi huohuo nikaenda Nairobi kwa shangazi, shule moja yenye piano nzuri ikanipokea, na nikaanza kujifunza upya majina ya sauti zote, kama mtu anayeambiwa ndugu zake wote wamebadilisha majina. Ilinichukua miaka mitatu, na kichwa kikiuma karibu kila siku. Lakini mimi ni mbishi. Nilikata jina moja baada ya jingine hadi sikio likakubali, kisha nikapata ufadhili kwa mlango mwingine, nikaenda kusoma kwenye nchi ya baridi.

Watu husikia "mpiga piano wa matamasha" wakafikiria maua. Maua nimepewa, yanakufa kwenye sinki la hoteli. Sehemu kubwa ya kazi ni chumba kidogo kisicho na dirisha na muda wa saa sita kila siku ndani yake. Ni kula tufaha kwenye treni ukiwa umevaa glavu, kuifikiria mistari minne ya noti ya ukurasa wa saba hadi unapitiliza kituo. Mpiga fidla anatembea na chombo chake, akipende akichukie, wanajuana. Mimi kila jioni nilikutana na piano nisiyoijua, nikapewa nusu saa ya kusalimiana nayo, kisha watu wakaingia. Sikuwa maarufu. Nilishika nafasi ya tatu kwenye mashindano mawili, nikasindikiza waimbaji walionizidi sauti na kunipungukia akili, nikapiga na okestra za miji midogo yenye baridi na watu wema. Nililipenda jukwaa, nisidanganye. Pale juu peke yake hasira yangu ilipata kazi ya maana.

Nyumbani nilikuja mara chache, siku mbili, siku tatu. Baba na mimi tulikuwa na adabu sana sisi kwa sisi. Alinisalimu, akaniuliza safari, nikamuuliza mgongo. Piano ilikuwa pale ukutani imefunikwa kitenge, na hakuna aliyeitaja, nami nilikaa kiti cha kuipa mgongo. Mara moja tu nilipiga hapa Kampala, kwenye ukumbi wa hoteli, na baba alikuja na suti ileile. Baada ya tamasha alisubiri kwenye mstari kama wageni wengine, akanipa mkono, akasema, "Hiyo piano yao, nani anaituni? Anaivutaje hadi inakaa?" Nilimtazama. Mtoto wake amepiga kwa muda wa saa moja na nusu bila karatasi, naye anaulizia spana. Nikamwambia sijui, nikamgeukia aliyemfuata.

Kisha sikio langu likaanza kuondoka.

Lilianza polepole nilipokaribia miaka arobaini na tano. Nilidhani piano za kumbi zimeanza kuvutwa juu kupita kiasi, nikawagombeza mafundi wawili wasio na hatia. Baadaye nikawasha redio, na kipande nilichokijua maisha yangu yote kikaja kikiwa juu kwa nusu toni. Na kengele ya mlango wangu pia. Daktari akaniambia kwamba watu wenye sikio kama langu hupatwa na hayo umri unapopanda. Sauti zote zinasikika juu kuliko zilivyo, na hakuna dawa. Alisema kwa wengi si tatizo kubwa. Kwa wengi, labda. Mimi nilikaa jukwaani na okestra nyuma yangu, nikabonyeza noti ya kwanza, ikatoka ya jirani, na nikawa tena na miaka kumi na sita. Safari hii sikusimama. Niliviangalia vidole dakika thelathini na nne bila kusikiliza hata noti moja, watu wakapiga makofi, nikainama. Nilificha miaka miwili. Kisha nikaacha kazi, nikawaambia watu ni mkono.

Katika miezi ile ya kukaa ndani bila kufungua piano, wazo likanijia nikiwa nafua, nikakaa chini sakafuni na maji yakiendelea kutiririka. Kila piano duniani nilikuwa naisikia juu kwa nusu toni. Lakini kulikuwa na piano moja, Namuwongo, juu ya matofali, iliyokuwa chini kwa nusu toni. Hiyo ingenijia sawasawa. Nikibonyeza A ningesikia A. Piano ile niliyoiita uongo ndiyo pekee iliyobaki ambayo sikio langu lingeiamini.

Nililia kwa furaha, jambo ambalo sikuwa nimelifanya siku nyingi. Nikampigia simu mama yangu.

"Mama, ile piano ya baba bado ipo?"

"Ipo. Itaenda wapi? Baba yako hataki mtu aiguse, hata vumbi anapangusa mwenyewe."

Basi nikajua nimewekewa. Nilirudi Kampala na masanduku yangu yote. Njia nzima nilikuwa naisema moyoni sentensi moja niliyomtungia: "Baba, nilikosea, piano yako ndiyo ya kweli." Nilitaka kukaa kwanza, nipige ile sonata kwa masikio yangu mwenyewe, halafu nimgeukie niseme. Kuomba msamaha peke yake nilikuwa nimeshindwa miaka yote. Nilihitaji ile piano inishike mkono.

Nilifika asubuhi. Namuwongo imejengeka, lakini wazee wangu wako kwenye vyumba vilevile viwili, sasa sakafu ina vigae. Baba amezeeka kwa ghafla. Alinipa mkono wa kushoto, na nikaona wa kulia haufungi tena, vidole vimekaa nusu kama vinavyoshika kitu kisichokuwepo. Nilipoomba nikae kwenye piano, macho yake yalibadilika. Alitazamana na mama yangu kama vijana wawili wenye siri.

"Ngoja," akasema. "Kabla hujakaa nikuonyeshe kitu."

Akatoa kitenge, akakikunja. Akatoa mfukoni ule uma, akaugonga gotini, akaubana kwenye ubao. Uliimba. Kisha kwa kile kidole chake kigumu hakubonyeza kibao cheusi. Alibonyeza cheupe, na viwili vikaimba pamoja, noti moja, bila hata unywele kati yao.

"Umeona? Iko kwa nyeupe sasa," akasema. "Nimeivuta, mama. Imefika."

Mama yangu ndiye aliyenieleza, baba akiwa amesimama pale anatabasamu akiangalia chini kama mwanafunzi anayesomewa matokeo. Alianza wiki ileile niliyoenda Nairobi. Mara ya kwanza alivuta, ufa ukafunguka na nyaya tisa zikakatika, moja ikamchana shavu, na mimi niliambiwa ni msumeno. Akaenda kwa mafundi chuma wa Katwe wakamchongea bamba la chuma la kubana fremu, likashindwa. Akakaa miaka akingoja piano nyingine ife mahali ili apate fremu yake. Kuna mzee mmoja mwenye duka Kikuubo, wa zile familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani, aliyekuwa anamwagizia waya kutoka Dubai na kumwombea dua kila akimkabidhi. Fremu ikapatikana. Nyaya akazifunga upya moja moja. Akazivuta kidogo, akaziacha zipumzike wiki kadhaa, akavuta tena kidogo, mkono ukaanza kukaza, akaendelea na mkono umekaza.

"Nilimwambia mtoto ana piano zake huko," mama yangu alisema. "Akaniambia siku atakayorudi asikute uongo nyumbani."

"Imefika lini?" nikauliza.

"Mwaka juzi," baba akasema.

Mwaka juzi sikio langu lilikuwa limekwisha kuhama. Ningerudi miaka mitatu nyuma ningeikuta bado chini. Nilisimama pale nikipiga hesabu hiyo ya kijinga tena na tena, kana kwamba kuna mtu angenirudishia.

"Kaa," akasema. "Piga ile."

Hapakuwa na haja ya kuuliza ipi. Nikakaa. Nikashusha mkono wa kushoto, chini kabisa, na ikatoka noti ya jirani.

Nilijua nini cha kufanya, nilikuwa nimekifanya jukwaani miaka miwili. Niliyafunga masikio kwa ndani, nikaviangalia vidole. Kila kitu kilichotoka kwenye ile piano kilikuwa kimehama nyumba, noti baada ya noti, na noti zote zilikuwa safi kabisa. Hilo ndilo lililoniua. Ningeweza kuitambua kazi nzuri hata nikiwa nimezibwa pamba, na sijawahi kukaa kwenye piano ya wima iliyotuniwa kwa uangalifu namna ile, Ulaya wala kwingine. Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, palepale, macho yamefungwa. Nilipofika mahali alipopapenda zamani akasema, "Rudia hapo." Nikarudia.

Nilipomaliza akafungua macho.

"Iko sawa?" akauliza.

Ile sentensi yangu ya njia nzima haikufaa tena. Ningesema piano yako ya zamani ndiyo iliyokuwa ya kweli, ningeuvunja mkono wake mara ya pili. Ningesema sikio langu limekwisha, angejua kwamba miaka thelathini ameivuta kwenda mahali ambapo mimi nimeshatoka. Mama yangu alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Nadhani aliona jinsi nilivyokuwa nikiangalia vidole, kama mtoto anayeanza.

"Iko sawa, baba," nikasema. "Iko sawa kabisa."

"Wewe sikio lako halikosei. Kama ingekuwa bado chini kidogo ungeniambia."

"Ningekuambia."

"Si ulishawahi kuniambia." Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kati yetu kuitaja siku ile. Sikuweza kucheka naye. Niliushika ule mkono usiofunga na nikasema nisamehe baba, bila piano kunisaidia, nikasema mara tatu au nne. Akaniambia, "Hiyo ilikwisha, mama. Ulisema kweli. Sasa uongo umetoka."

Akauzungushia uma kitambaa, akanipa. Akaiweka spana ndani ya kisanduku, akakifunga, akakisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Kisha akakaa tena, akafunga macho, akaniomba nianze mwanzo. Nikashusha mkono wa kushoto nikiviangalia vidole.